Mama wa Kwenye Ngazi

Mtoto wangu alipoulizwa mama yake ni nani, nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, magoti yetu yanagusana, na akajibu kwamba mama yake yuko kwenye ngazi. Ofisi ile haikuwa na ngazi. Nyumba zetu za Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, ni za matofali ya udongo, zimekaa chini kama kuku anayeatamia mayai. Mtoto wa miaka mitano aliyekulia kwenye nyumba za chini tu angeijua wapi ngazi? Yule dada wa ofisi aligeuka akaangalia nyuma yake kwanza, ndipo akaandika.

Nitaeleza tulivyofika hapo, na nitaeleza kwa hasira, kwa sababu hasira yenyewe haijaisha na sina mpango wa kuingoja ipoe.

Kabla ya serikali kuamuru wakimbizi turudi kambini, tulikuwa tunaishi Lilongwe, mtaa wa Kawale. Mume wangu alikuwa anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko, mimi nilikuwa nakaanga mandasi, na binti yetu alikuwa anaokota Kichewa kwa watoto wa uani kwa haraka ya kunitia wivu. Siku moja mteja mmoja, dereva wa gari la kuhamisha vyombo, alileta kitu alichoachiwa katika nyumba ya wazungu waliokuwa wanarudi kwao. Kwa nje kilifanana na boksi la viatu vya mtoto lililofungwa mkanda. Ndani kilikuwa na vioo viwili vya duara. Unaingiza simu kwa mbele, unakifunga usoni, kila jicho linapata picha yake, na picha mbili zinakuwa dunia moja. Ukigeuka, dunia inageuka. Ukiinua kichwa, kuna mbingu. Watu walikiita miwani, wengine kaske, yaani kofia ngumu. Mimi nilikiita kile kitu.

Si kila simu inaweza kazi hiyo. Mume wangu alinieleza kwa furaha, kama mtu anayeeleza mimba: ndani ya simu lazima kuwe na kifaa kidogo kinachojua kichwa kimegeukia wapi, bila hicho picha inabaki palepale kama kalenda ya ukutani. Yeye alikuwa na simu moja kubwa, imepasuka mgongo, lakini kifaa hicho kilikuwa kizima. Akashona mkanda, akagundisha kioo kimoja kilicholegea, kisha akaenda kwa rafiki yake mwenye intaneti nzuri akajaza simu video za kila namna: mtu anaanguka kutoka mlimani, mtu anaogelea na papa, mtu anapanda treni ya kupinduka. Na video moja ya nyumba. Hakuichagua, anasema. Ilikuja tu pamoja na nyingine.

Halafu polisi wakaja na malori. Kibanda kikabaki Kawale, kikaango changu kikabaki, na kile kitu kikapanda lori kikiwa kimefungwa ndani ya nguo za mtoto ili kisivunjike. Nguo nyingine za mtoto hazikupata nafasi. Mnaona tulivyoanza.

Kambini mume wangu alikuwa hana kazi, alikuwa na sahani ya umeme wa jua na betri ya gari. Akaamua kufanya saloni yetu, yaani sebule, nyumba ya maonyesho. Alitoa viti vyangu nje. Alitoa meza. Alifunga dirisha kwa kitenge changu kizuri, kwa sababu mwanga ukiingia pembeni mwa miwani dunia inavunjika. Katikati akaweka kiti kimoja cha plastiki kisicho na mgongo, na kukizunguka akachora duara kwa makaa.

"Usivuke apa," aliwaambia watu. "Ukivuka, utapiga ukuta."

Basi mimi nikawa mwanamke anayepika mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe huku ndani mtu amekaa gizani anapunga mikono kwenye hewa. Ukikaa nao, unazoea kila kitu isipokuwa mikono. Mikono ilikuwa inashika vitu. Mzee mmoja alikuwa anapapasa taratibu, vidole vinafuata ukingo wa kitu fulani kirefu, na mimi nikiangalia pale hakuna kitu, ni vumbi linaelea. Wengine walipiga kelele, wakacheka, wakaanguka. Hao sikuwaogopa. Niliwaogopa walionyamaza.

Siku moja akaja mama wa maombi. Ni mama wa upande wa Fizi, kwetu Kongo, anaongoza chumba cha maombi jirani na kwetu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mji. Alikuja kuchungulia kama ni uchawi. Mume wangu, badala ya papa na treni, akamwekea nyumba, kwa heshima, asimtie kizunguzungu mama wa watu.

Video yenyewe ilikuwa hivi, kama walivyokuwa wanasimulia: mlango mweupe unafunguka, unaingia, saloni yenye zulia, jiko lenye bomba la maji ndani, dirisha kubwa na nje theluji inaanguka. Halafu unakaribia ngazi. Hapo unasimama muda mrefu. Halafu inaisha. Hakuna sauti, spika ya simu ilikuwa imekufa toka Kawale.

Mama wa maombi alivua kile kitu akiwa analia.

"Baba," alimwambia mume wangu, "iyi haiko video. Iyi njo fasi yenyewe, pahali ya kweli. Mungu amekuletea mulango mu boksi, na weye unauzisha papa!"

Ninyi ambao hamjakaa kambini lazima niwaeleze jambo moja. Pale kila mtu ana kesi. Kesi maana yake umeandikwa ili siku moja upelekwe nchi nyingine, Amerika au penginepo, na unangoja. Watu wanangoja mpaka mtoto waliyeandikwa naye anakuwa na ndevu. Mama wa maombi alifundisha kwamba mtu anapewa ile nchi ambayo miguu yake imekwisha kuikanyaga. Shida ilikuwa namna ya kukanyaga Amerika ukiwa huku kambini Dowa. Sasa shida ikaisha. Toka siku ile hakuna aliyekaa tena kwenye kiti. Walisimama ndani ya duara la makaa, miwani usoni, na yeye pembeni anapiga makofi:

"Kanyaga! Kanyaga, mupendwa! Iko yako! Jione ukiwa umefika!"

Wakakanyaga. Mavumbi yakaingia kwenye sufuria yangu ya maharage.

Wakagawana vyumba. Sitanii. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mnene mwenye utani mwingi, alikuja kunilalamikia kwamba mama mwingine amemnyang'anya jiko.

"Miye njo wa kwanza kukanyaga jiko," alisema. "Yule alikanyaga tu ku zulia, sasa anasema jiko njo yake. Weye ambiye bwana yako aamue."

"Jiko gani, mama?"

"Ile ya maji mu ukuta."

"Nenda ukateke maji ku bomba, uko na ndoo tatu tupu mulangoni."

"Ee, weye na elimu yako!" akacheka. "Tukifika usiombe hata kikombe."

Nimesoma sekondari nikamaliza. Nilijua kile kitu ni plastiki na vioo na simu iliyopasuka. Nilikataa kukivaa. Mume wangu aliniomba asubuhi, akaniomba mchana. Nilimwambia nyumba ninayoweza kuifagia inanitosha. Vita vilikuwa vinakaribia kwetu Uvira tena siku zile. Wageni walikuwa wanaingia kambini na miguu imevimba, na mimi nikisikia watu wanapiga makofi kwa ajili ya zulia nilibamiza mfuniko wa sufuria.

Lakini nyumba ile ilianza kuingia kwetu hata mimi nilipokataa. Mume wangu akiingia mlangoni alikata kushoto, kumbe kule kushoto kwetu ni ukuta. Anafika, anasimama, pua karibu na tofali, kisha anarudi kama aliyesahau kitu. Nilimkuta ananyoosha mikono mbele ya ukuta uleule, anaisugua, anaikung'uta. Alikuwa ananawa. Mikono ilikuwa mikavu, na aliifuta kwenye suruali.

Mtoto alikuwa naye kila mara, na yeye pia akivishwa miwani. Mume wangu anasema alitaka mtoto azoee, asije akaogopa theluji. Nikaona mtoto asubuhi anasimama kona ya saloni, kule walikotoa meza, anainamisha kichwa kwa adabu na kusema "bonjour" kwa ukuta. Siku nyingine nikakuta donge la nsima, ugali wa huku, limewekwa kona ileile, limezungukwa na sisimizi.

"Ni ya nani hii?"

"Yeye hakulaka kitu," akasema.

"Nani hakulaka?"

Akaniangalia kama watoto wanavyoangalia mtu mzima anayeuliza upuuzi, akatoka kucheza. Nikafagia sisimizi. Watoto wanacheza, nilijiambia.

Halafu tukaitwa. Kesi yetu, baada ya kulala miaka, ikaamka: mahojiano, familia nzima. Nilipiga pasi kwa makaa. Nilimsuka mtoto mpaka macho yakavutika. Mama wa maombi alitusindikiza hadi njia panda akiimba.

Katika chumba cha mahojiano kulikuwa na watu wawili: yule dada wa ofisi, mgeni mpole mwenye koti la kijani, na mkalimani, kijana wa Kiswahili kile cha redioni. Walituuliza mimi na mume wangu mambo yote, tukajibu vizuri, tarehe za kukimbia, njia, majina. Mwisho yule dada akatabasamu, akampa mtoto karatasi na kalamu za rangi. Wanafanya hivyo, sijui kwa kila mtoto au kwa watoto wetu tu.

Mkalimani akasema, "Mwambie dada, nyumbani kwenu pakoje? Chora watu wa nyumbani."

Mtoto akachora nyumba yenye mlango, akachora dirisha kubwa na vidoa vingi nje. Akachora mistari inayopanda. Mtu mmoja chini, mtu mdogo pembeni, mtu mmoja juu ya mistari.

"Huyu ni nani?"

"Papa," akasema, akamwonyesha baba yake kwa kalamu.

"Na huyu?"

"Miye."

"Na huyu wa juu?"

"Mama. Iko ku eskalie. Haongeake."

Mkalimani akatafsiri: mama yuko kwenye ngazi, haongei. Ndipo yule dada akaangalia nyuma yake, halafu akaniangalia mimi.

"Muulize," akasema kwa Kiingereza, nilimwelewa, "huyu aliyekaa hapa naye ni nani?"

Mtoto aliniangalia. Aliniangalia vizuri, kama mtu anayetaka kujibu kwa haki.

"Huyu ni mama wa huku."

Kalamu ya yule dada ikasimama. Nyinyi mnaojua mambo ya ofisi mnajua maana ya kalamu kusimama. Mume wangu akaanza kueleza, na angekaa kimya ingekuwa heri: nyumba iko ndani ya simu, simu iko ndani ya boksi, tunaingia kila siku, watu wengi wa kambi wana vyumba mle. Mkalimani alikuwa anatafsiri huku sauti yake inapungua.

"Mtoto amewahi kuishi Amerika?" aliuliza dada.

"Bado," akasema mume wangu. "Lakini amekwisha kufika."

"Mama mzazi wa mtoto yuko wapi?"

Nikasimama. "Mama mzazi ni mimi! Nimempasukia! Unataka kuona?" Na nikainua blauzi yangu, nikawaonyesha mshono, kutoka huku hadi huku, daktari wa hospitali ya Madisi hakunionea huruma. Mkalimani akaangalia dari. Dada alisema kwa upole, kaa chini mama, kaa chini. Upole ule bado unaniuma. Unamfanyia hivyo mtu aliyeiba kitu kidogo.

Kesi ikasimamishwa. Walisema watapima kama mtoto ni wangu; damu haihitajiki, mate yanatosha. Tutaenda Lilongwe, mimi na mtoto, watachukua mate, watalinganisha. Baadaye mtoto ataitwa tena aulizwe. Na kama mate yasipokubali, au mtoto akisema tena hivyo? Nilimshika mkalimani mkono mlangoni, nikamwambia, "Kaka, niambie kama dada yako." Akasema watoto wasio na mzazi wanatafutiwa utaratibu wao. Hivyo ndivyo alivyosema, utaratibu wao. Nikaelewa kwamba wanaweza kumchukua.

Tulipofika nyumbani sikungoja avue viatu.

"Ulimuambia nini mutoto wangu?"

"Mama mutoto, sikiya..."

"Ulimuambia nini!"

Akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, katikati ya duara. "Kuko muntu ku eskalie," akasema. "Mwanamuke. Ukifika mwisho unamuona. Mutoto aliuliza: papa iko, miye niko, na mama iko wapi? Ningesema nini? Kwamba mama anabakiaka? Weye ulikataa kuvaa! Kila siku ninakuomba. Nikasema, ule pale njo mama, anatungoja."

"Ungesema mama iko inje anakupikia!"

"Mama wa maombi alisema tujione sisi wote tumefika..."

"Na mama wa maombi ana mushono wapi?"

Upande wa pili wa ukuta nikasikia jirani anasogeza kiti asikie vizuri.

"Lete," nikamwambia. "Lete hicho kitu."

Nilikivaa mara ya kwanza na ya mwisho. Kilikuwa na harufu ya jasho la watu wote wa kambi, na simu tayari ilikuwa na moto, joto lake linakugusa paji la uso kama kiganja. Mlango mweupe ukafunguka bila mimi kuugusa. Nikawa ndani. Nitasema ukweli: miguu yangu ilihisi zulia. Niliangalia chini kuona miguu yangu na sikuwa na miguu, wala tumbo, wala mikono. Nyumba ilikuwepo na mimi nilikuwa sipo. Theluji ilianguka bila sauti. Nikapita jiko la jirani yangu. Nikafika kwenye ngazi.

Alikuwa pale. Mwanamke wa makamo, ngozi yake si nyeupe sana wala nyeusi sana, soksi nene miguuni, taulo ya jikoni begani. Amesimama ngazi ya tatu au ya nne, mkono mmoja kwenye ukuta. Watu wote wa kambi walimwona na wakamfanya pambo la nyumba. Mama wa maombi alisema ni malaika mlinzi. Mimi nilimwangalia uso.

Nikaujua. Si yeye, uso wenyewe. Nilipokuwa msichana, watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwetu milimani, juu ya Uvira, bila hodi, wakawa wanazunguka, wanafungua, wanauliza kitanda hiki cha nani. Mama yangu alisimama hivyo hivyo, kiganja kwenye ukuta kana kwamba anaushikilia usianguke, na macho yake hayakuomba kitu. Alikuwa anangoja wamalize kuangalia. Huyu wa kwenye ngazi alikuwa anatungoja tutoke. Sijui nani alimpelekea kamera ndani, sijui nyumba ilikuwa inauzwa au yeye alikuwa anatolewa. Lakini alituangalia, kambi nzima tumejazana kwenye zulia lake tunakanyaga, na alikuwa anangoja tutoke. Na kabla picha haijazimika midomo yake ilisogea. Alisema kitu kimoja kifupi. Spika ilikuwa imekufa.

Nilikivua nikakirusha. Mume wangu alikidaka.

"Umeona?" akauliza, na uso wake ulikuwa na tumaini, maskini.

"Nimeona. Futa."

Hakufuta. Mama wa maombi alikuja mwenyewe, akakaa mbele yangu, akaniambia kwa upole wa kanisani, "Mama mupendwa, unataka kubomoa nyumba ya bantu? Kuko bajane mule. Kuko na yatima bawili mu chumba ya juu." Nikamwambia yatima wa tatu anatengenezwa hapa hapa, aangalie vizuri.

Tukaenda Lilongwe mimi na mtoto, na ruhusa ya kutoka kambini mfukoni. Basi dogo lilipita nje ya Kanengo, penye viwanda, harufu ya tumbaku ikaingia madirishani, mtoto akapiga chafya akacheka, na kwa muda ule alikuwa mtoto wangu kabisa, amelala mapajani mwangu, mate yake yananilowesha sketi bila mtu kuyalinganisha. Kule, muuguzi alimpitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu.

"Banatafuta nini mu kinywa yangu?" aliniuliza.

"Banatafuta miye."

Akafungua mdomo zaidi, ili nionekane.

Tuliporudi nilianza kuhesabu mambo mawili tu kichwani: mate yatasema kweli, lakini mtoto ataulizwa tena. Mume wangu alikuwa ameenda kupanga mstari wa unga. Simu ilikuwa kwenye chaja ya jua. Nilijua kufuta, sekondari hainisaidii sana maishani lakini hilo niliweza. Nilifuta nyumba, nikaingia kule takataka zinakotunzwa nikafuta na huko. Papa na treni nikawaacha.

Mtoto akaja alasiri, akavaa kile kitu, akasimama ndani ya duara. Akageuka huku, akageuka huku.

"Mama iko wapi?"

"Mama ni miye."

"Mama wa kule."

"Nimemufuta," nikasema. "Haiko tena."

Watoto wa kambini wanajua "haiko tena". Wamehudhuria misiba mingi kuliko harusi. Alivua miwani taratibu, akaiweka chini, akaweka mikono kichwani kama alivyoona wamama wanafanya, na akatoa kilio. Si kilio cha mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kilio chenyewe, kile kinachopanda na kushuka, kinachoita watu.

Na watu wakaja. Kwetu kilio kikisikika huulizi kwanza, unachukua kitenge unajifunga unaenda. Wakaingia, wengine tayari wanalia njiani, wakatandika mkeka, wakakaa.

"Nani?" waliuliza. "Nani amekufwa?"

"Mama!" mtoto akalia. "Mama yangu amekufwa!"

Wote wakageuka kuniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko.

Jirani yangu mnene akajishika kifua. "Eh! Na huyu anashika mwiko ni muzimu?"

Hakuna aliyecheka. Wengine walisogea kidogo, nikaona jinsi walivyosogea, kama ni kweli. Nikawaambia: nyumba imefutwa, yule mwanamke amefutwa naye, nendeni makwenu. Hawakwenda. Kisha mama wa maombi, ambaye alikuwa amefika wa mwisho, alishuka chini taratibu, akaweka paji la uso kwenye mkeka, akaanza kulia. Nilidhani ananikomoa. Lakini alilia vibaya, bila sauti ile yake, kama mtu aliye peke yake. Na jirani yangu akaanza, akiita jiko lake. Na wajane wa vyumba vingine. Walilia mpaka jua likapinda, wanawake wazima, kwa ajili ya zulia ambalo hawakuwahi kuligusa, na kwa mengine ambayo siku zilizopita hawakupata mkeka wa kuyalilia. Sikuwa na nguvu ya kuwafukuza. Mtoto alikuwa katikati yao, mwili wote unaruka kwa kwikwi, na hakuna aliyemshika kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia.

Niliweka mwiko chini. Nikakaa kwenye mkeka, nikamvuta, nikamlaza kifuani. Alikataa kwanza, akanipiga ngumi mbili, kisha akalegea. Nikampapasa mgongo. Nikamwambia pole, mwanangu, pole. Nilimpa pole ya kufiwa na mama yake, mimi niliyemzaa, na alinishikilia.

Mate yalikubali. Walituita wakatwambia: ni wako, hakuna shaka. Kama vile walikuwa wananipa zawadi. Dada wa koti la kijani alinitabasamia, akasema imebaki kuzungumza na mtoto kidogo tu, ni taratibu, hata akisema nini kesi itaendelea. Mume wangu alishusha pumzi hadi mabega yakashuka.

"Mwambie dada," akasema mkalimani, "huyu ni nani?"

Mtoto aliniangalia. Akasogea, akaegemea mkono wangu, kwa upendo, hilo siwezi kulikataa.

"Mama mudogo," akasema.

Mkalimani aliniangalia kwanza mimi. Kwetu mama mdogo ni ndugu wa mama. Ndiye anayewachukua watoto mama yao akifa. Hakuna yatima kambini asiye na mama mdogo. Angeweza kutafsiri "mama" akaacha mengine, nilimwona anataka kunisaidia.

"Sema vile alivyosema," nikamwambia. "Yote."

Akasema. Dada akaandika, na safari hii kalamu haikusimama, kwa sababu sasa walikuwa na mate.

Tulirudi kwa miguu, mume wangu mbele akiwahi kuwapasha watu habari njema. Hasira yangu ilikuwa imejaa hadi kooni na sikuwa na mtu wa kumtemea. Mtoto alinipa mkono mwenyewe, akawa anaruka mashimo ya njia.

"Mama mudogo."

"Naam."

"Tukifika kule, tutaenda ku kaburi ya mama?"

Jua lilikuwa kali. Nilitaka kumwambia kila kitu, mshono, plastiki, vioo, yule mwanamke wa watu ambaye hakutuita. Nikaangalia vidole vyake vilivyofungwa kwenye kidole changu kimoja.

"Tutaenda," nikasema. "Miye mwenyewe njo nitakupeleka."

Akaridhika, akaruka shimo jingine.